Chakula Salama kwa Mwenye Mzio: Sokoni, Nyumbani na Katika Malewa ya Kisangani

Mzio wa chakula, ambao wakazi wengi wa Kisangani huuita alerji, ni kosa la kinga ya mwili. Kinga iliyokusudiwa kupambana na vijidudu na minyoo huiona protini ya karanga, ya samaki au ya yai kuwa adui. Mwili hutengeneza kingamwili za aina ya IgE dhidi ya protini hiyo, na kingamwili hizo hujishikiza juu ya seli zilizoko katika ngozi, koo, mapafu na utumbo. Chakula kilekile kikiliwa tena, seli hizo hufunguka na kumwaga histamini na kemikali nyingine. Kwa kawaida dalili huanza ndani ya dakika chache, na hazichelewi kupita saa mbili: midomo huvimba, ngozi hutoka vipele vinavyowasha, tumbo husokota, mtu hutapika. Kwa wengine koo hubana, kifua hutoa mluzi, shinikizo la damu hushuka na fahamu hupotea. Hali hiyo huitwa anafilaksia, nayo huweza kuua.

Ujuzi huu ulikusanywa taratibu. Wafaransa Charles Richet na Paul Portier walieleza anafilaksia mwaka 1902, na Richet akatunukiwa tuzo ya Nobel mwaka 1913. Mwaka 1921 huko Ujerumani, daktari Carl Prausnitz alijidunga chini ya ngozi majimaji ya damu ya mwenzake Heinz Küstner, ambaye hakuweza kula samaki aliyepikwa. Kisha Prausnitz akajidunga dondoo la samaki mahali palepale, na ngozi yake ikavimba kama ya Küstner. Ikajulikana kuwa mzio umo ndani ya damu, na kwamba hautokani na woga wala ukaidi wa mlaji. Kingamwili za IgE zenyewe zilitambuliwa katika nusu ya pili ya miaka ya 1960.

Kisichokuwa mzio

Si kila chakula kinachomdhuru mtu kimemletea mzio. Watu wazima wengi wa Afrika ya Kati huumwa tumbo wakinywa maziwa kwa sababu utumbo wao hauna tena kimeng'enya cha kutosha cha kusaga sukari ya maziwa. Wanasumbuka, lakini hawako katika hatari ya kufa, na kiasi kidogo cha maziwa huenda kisiwadhuru. Mwenye mzio wa protini ya maziwa ni tofauti: kijiko kimoja chaweza kumtosha kuanguka.

Muhogo mchungu na majani yake yasiyopondwa na kupikwa vema huwa na sumu ya sianidi. Ugonjwa wa konzo, unaopoozesha miguu na ambao daktari Giovanni Trolli aliueleza mwaka 1938 kutoka Kwango, unahusiana na muhogo ulioandaliwa kwa haraka pamoja na upungufu wa protini katika mlo. Konzo si mzio. Kinga yake ni kuroweka muhogo kwa muda wa kutosha na kula vizuri.

Kuna pia samaki walioharibika. Samaki wa baharini kama mpiodi, wanaouzwa wakiwa wamegandishwa katika masoko mengi ya Kongo, wakikaa kwenye joto hushambuliwa na bakteria wanaotengeneza histamini ndani ya nyama. Histamini hiyo haiondoki kwa kupikwa, kukaangwa wala kuvutwa kwa moshi. Mlaji huwa mwekundu usoni, hutoka vipele na kuumwa kichwa, na hudhani ana mzio wa samaki. Tofauti hujulikana kwa kuangalia watu waliokula pamoja: wakiumwa kadhaa walioshiriki sahani moja, lawama ni ya samaki; akiumwa mmoja tu, na kila mara alapo samaki hata wabichi kabisa, huyo achunguzwe mzio.

Iko pia dhana ya sumu. Mtu anapoanguka karamuni, wengi hufikiria kwanza kwamba ametiliwa kitu. Dhana hiyo hupoteza dakika za kumwokoa, maana watu huanza kumtafuta mkosaji badala ya daktari, na huvunja ujirani bure. Familia inayojua kuwa mmoja wao ana mzio, na iliyowaambia majirani mapema, hujikinga na mabaya yote mawili.

Ukubwa wa tatizo na ugumu wa kulipima

Hesabu nzuri za Kiafrika ni chache, na miongoni mwa zilizo bora ni za Afrika Kusini. Huko watoto wa umri wa mwaka mmoja hadi mitatu walipimwa kwa kulishwa chakula chenyewe chini ya uangalizi: mjini Cape Town asilimia 2.5 walikuwa na mzio wa chakula, na katika vijiji vya Mqanduli asilimia 0.5. Mzio basi si ugonjwa wa Wazungu, na mji una wagonjwa zaidi kuliko kijiji.

Kipimo cha damu peke yake hakitoshi, hasa mahali penye minyoo na kichocho kama bonde la Kongo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa watoto wengi wa Ghana walikuwa na IgE ya karanga katika damu ilhali walizila bila shida yoyote. Kingamwili zao zilishika sukari fulani zilizoko katika karanga na pia katika vimelea vya kichocho. Mtoto wa namna hiyo akizuiwa karanga kwa sababu ya karatasi ya maabara, ananyang'anywa protini ya bei nafuu pasipo sababu.

Kwa hiyo msingi wa utambuzi ni historia ya mgonjwa. Mzazi aandike katika daftari chakula kilicholiwa, saa ya kula, saa ya dalili na namna zilivyokuwa, kisha ampelekee daktari. Jaribio la kumlisha mgonjwa chakula kinachoshukiwa hufanywa hospitalini tu, penye dawa ya kumwokoa.

Vyakula vya kuangaliwa Kisangani

Karanga ndizo za kwanza. Huliwa mkononi njiani, husagwa kuwa mwamba wa kupikia kuku, hutiwa katika uji wa watoto, na mboga ya fumbwa kwa desturi hupikwa kwa karanga za kusagwa. Katika sombe (pondu), yaani majani ya muhogo yaliyopondwa, wapishi wengine huzitia na wengine hawazitii, na macho hayawezi kuona tofauti. Karanga zilizokaangwa kavu huchochea mzio zaidi kuliko zilizochemshwa, lakini kuchemsha hakuondoi hatari. Watoto wachache tu huachana na mzio huu wakikua. Wa maziwa na wa yai huisha kwa wengi wao.

Samaki wanafuata, katika mji unaoishi kwa mto na kwa mitego ya wavuvi Wagenia. Protini inayosababisha mzio, parvalbumini, hustahimili moto na moshi, nayo hufanana katika aina nyingi za samaki. Aliyeumwa na kambale asijaribu tilapia kwa kudhani amebadilisha. Samaki wa kuvuta ndiye wa hatari kuliko wote kwa sababu hupondwa na kupotelea ndani ya mboga. Kwa wenye mzio mkali, hata mvuke wa sufuria ya samaki huweza kuwaletea kikohozi na pumu.

Viwavi, au mbinzo, wanaookotwa msituni chini ya miti kama sapelli, ni chakula bora chenye protini nyingi. Hata hivyo miili yao ina tropomiosini, protini ya misuli inayofanana na ile ya kamba wa majini na ya utitiri wa vumbi la nyumbani. Mwaka 2010 madaktari wa Botswana waliandika habari za mwanamke wa miaka 36 aliyepata mzio baada ya kula viwavi wa mopane. Mwenye mzio wa kamba awe mwangalifu msimu wa viwavi ufikapo, na vilevile kwa mabuu ya mchikichi.

Yai, maziwa na ngano huingia kwa njia ya mkate, maandazi, keki na sosi za hotelini. Soya imo katika uji wa masoso, ambao ni mchanganyiko wa mahindi, mtama na soya. Lishe ya tiba kwa watoto wenye utapiamlo mkali, kama Plumpy'Nut, imetengenezwa kwa karanga na maziwa ya unga. Mzazi wa mtoto mwenye mzio huo lazima amwambie muuguzi kabla pakiti haijafunguliwa.

Ndizi, papai na parachichi huwadhuru baadhi ya wenye mzio wa mpira wa asili, kwa kuwa protini zao zinafanana; muhogo pia umewahi kuripotiwa kufanya hivyo. Wauguzi wanaovaa glavu za mpira kila siku na wagema mpira wa mashambani ndio wa kuangaliwa zaidi. Kwa wengine wote muhogo ulioandaliwa vema ni chakula salama sana, na jambo hilo ni neema kubwa kwa mkoa wa Tshopo: kwanga, fufu na lituma ya ndizi havina ngano, maziwa, yai wala karanga kwa asili yake.

Kununua sokoni

Hatari ya sokoni haiko katika chakula peke yake. Iko pia katika chombo. Mashine ndogo ya kusagia, ile ya kuzungushwa kwa mkono iliyofungwa pembeni mwa meza, asubuhi husaga sombe, baadaye karanga, kisha pilipili. Mafuta ya karanga hubaki katika mzunguko wa chuma, na majani ya mteja anayefuata hutoka yamebeba mabaki hayo. Kinu cha mti nacho kina nyufa zinazoficha chakula cha jana. Nyumba yenye mgonjwa iwe na kinu chake, mchi wake na mwiko wake, na majani yanunuliwe mazima na kupondwa nyumbani.

Unga ununuliwe kwa muuzaji asiyepima karanga kwa kopo lilelile. Samaki wa kuvuta wasifungwe pamoja na mboga katika mfuko mmoja. Mikono na meza zioshwe kwa sabuni na maji: maji matupu au dawa ya mikono yenye alkoholi haviondoi vizuri protini ya karanga.

Chakula cha pakiti kina msaada wake, nao ni lebo. Kanuni ya Codex Alimentarius ya mwaka 1985 kuhusu lebo, pamoja na marekebisho yake ya baadaye, inataka nafaka zenye gluteni, kamba na kaa, mayai, samaki, karanga, maziwa na baadhi ya njugu za miti vitajwe daima. Bidhaa nyingi za Kisangani zimeandikwa Kifaransa, na maneno ya kutafuta ni machache: arachide ni karanga, lait ni maziwa, œuf ni yai, blé ni ngano, soja ni soya, poisson ni samaki. Maneno «peut contenir» yanamaanisha kuwa chakula chaweza kuwa na mabaki hayo, na mwenye mzio mkali aiache pakiti. Vidonge vya kukoleza mchuzi visomwe pia, kwani vingine vina ngano, soya au maziwa. Lebo isomwe kila ununuzi, maana kiwanda hubadilisha viungo bila kubadilisha sura ya pakiti. Bidhaa iliyofunguliwa na kugawanywa katika vifuko vidogo imepoteza lebo, na kwa mwenye mzio ni sawa na bidhaa isiyojulikana.

Kula malewani na hotelini

Katika Umoja wa Ulaya, kanuni namba 1169 ya mwaka 2011, iliyoanza kutumika tarehe 13 Desemba 2014, inazilazimu hata hoteli kumwambia mlaji kama chakula kina kimojawapo cha vizio 14. Huku Kisangani, chakula cha sufuria cha malewa, yaani vibanda vya chakula vya mitaani, hakina maandishi. Mama aliyekipika ndiye anayejua kilichomo. Lakini malewa yana faida ambayo hoteli kubwa haina: mpishi yuko mbele ya mlaji, sufuria zinaonekana, na aliyepika ndiye anayepakua.

Maswali yaulizwe kabla wateja wa saa sita hawajajaa, na yawe juu ya kitu kimoja kwa jina lake. Kuuliza kama chakula ni kizuri hakuleti jibu la maana. Kila mpishi atasema ni kizuri. Swali lifaalo ni kama hili: «Mama, ndani ya hii sombe mumetia karanga?» Akijibu kwamba ni mawese tu na samaki, swali la pili lifuate: «Na kinu mlichoipondea, leo kimeponda karanga?» Halafu la tatu, kuhusu mwiko: je, unaotumika kupakulia fumbwa ndio unaoingia pia katika sombe? Sababu itajwe bila kuzungusha: «Nikila karanga, koo langu linajifunga, ninaweza kufa.» Asiyetaja sababu hudhaniwa kuwa anachagua chakula, au kwamba ana ekila, yaani mwiko wa ukoo wake, na mpishi anaweza kuona kuwa kidogo hakitavunja mwiko. Akisikia neno kifo, atajibu kwa uzito.

Namna ya kupika husaidia kuchagua. Kwanga hutoka ndani ya jani lake, haijaguswa na mwiko wa mtu mwingine. Ndizi iliyochomwa juu ya mkaa na ganda lake, muhogo uliochemshwa peke yake na yai la kuchemsha kwa asiye na mzio wa yai ni salama kwa sababu hiyohiyo. Liboke, iwe ya kuku au ya samaki, ikishafungwa katika majani haipokei tena kitu cha nje. Swali lake ni juu ya bakuli la viungo vilivyopakwa kabla ya kufunga. Karai la mafuta ndilo baya kuliko yote: humo hukaangwa samaki, kisha maandazi, kisha ndizi, na mafuta ni yaleyale ya tangu asubuhi. Mwenye mzio wa samaki akila ndizi kutoka karai hilo amekula samaki.

Mpishi akisema hajui, au akijibu kabla swali halijaisha, mlaji aondoke. Akipatikana mpishi anayejibu kwa makini, ni busara kurudi kwake na kuwa mteja wake wa siku zote. Hotelini, swali lipelekwe jikoni kwa mpishi mwenyewe, na kikaratasi kilichoandikwa Kifaransa, Kilingala na Kiswahili humsaidia mhudumu asisahau njiani.

Safari inataka mpango wake. Njia ya mto kati ya Kisangani na Kinshasa ni takriban kilomita 1,700, na katika mashua chakula hutoka sufuria moja, mbali na hospitali. Msafiri mwenye mzio abebe kwanga, ambayo hukaa siku kadhaa bila kuharibika, na sufuria yake.

Kualikwa

Kukataa chakula cha mwenyeji ni jambo zito. Njia yenye heshima ni kumjulisha mama wa nyumba siku moja au mbili kabla, na kumwomba atenge chakula cha mgonjwa kabla ya kutia karanga au samaki. Katika matanga na ndoa, ambako wapishi ni wengi na hakuna anayejua sufuria zote, mgonjwa ale nyumbani kwanza. Mtoto afundishwe mapema kutopokea kipande cha mwenzake shuleni, na mwalimu aambiwe. Atakayemdhihaki mtoto huyo kwa kumrushia karanga amecheza na uhai wake.

Dharura

Dawa ya anafilaksia ni adrenalini, nayo imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa za msingi. Hudungwa katika msuli wa paja, upande wa nje. Kipimo ni miligramu 0.01 kwa kila kilo ya mwili, bila kuzidi miligramu 0.5 kwa mtu mzima. Kwa ampuli ya miligramu 1 katika mililita 1, kipimo hicho cha juu cha mtu mzima ni nusu mililita. Hali isipopungua, sindano hurudiwa baada ya dakika 5 hadi 15. Mgonjwa alazwe chali na miguu iinuliwe. Anayepumua kwa shida aruhusiwe kuketi, lakini asisimamishwe wala kutembezwa. Vidonge vya kuzuia histamini hupunguza muwasho tu, havifungui koo. Maziwa, mawese na dawa za kutapisha hazisaidii na zaweza kumkaba. Baada ya nafuu mgonjwa abaki hospitalini saa kadhaa, kwa kuwa dalili huweza kurudi.

Pombe, dawa kama aspirini, na kazi nzito ya mwili mara baada ya kula huzidisha ukali wa mzio. Wapo wanaokula mkate bila shida wakiwa wamepumzika, na wanaoumwa na mkate huohuo wakiula kisha wakaendesha baiskeli.

Kila familia yenye mgonjwa ijue kabla ya siku ya hatari ni kituo gani cha karibu chenye adrenalini usiku na mchana. Katika wilaya za kulia mwa mto zipo hospitali kuu ya Makiso-Kisangani na kliniki za Chuo Kikuu. Aliye Lubunga, ng'ambo ya kushoto, atafute kituo cha upande wake, kwa maana kungoja chombo cha kuvukia kunaweza kumaliza muda uliobaki.

Kinga ya watoto

Utafiti wa LEAP, uliochapishwa na Gideon Lack na wenzake wa London mwaka 2015, ulifuatilia watoto 640 waliokuwa na ukurutu mkali au mzio wa yai. Waliolishwa karanga tangu umri wa kati ya miezi 4 na 11 walipata mzio wa karanga pungufu kwa takriban asilimia 80 kuliko waliozuiwa. Desturi ya akina mama wa Kongo kutia karanga za kusagwa laini katika uji wa mtoto aliyeanza kula basi ni desturi njema, na isiachwe kwa hofu. Mtoto mwenye ukurutu mkali aonwe na daktari kwanza, na karanga nzima asipewe mtoto mdogo, kwa kuwa humkaba.

Wenye malewa wanaweza kutenga mwiko mmoja kwa kila sufuria na kusema «sijui» pale wasipojua. Wakuu wa vituo vya afya wanaweza kuhakikisha kuwa ampuli ya adrenalini haikosekani na kwamba kila muuguzi wa zamu anajua kuidunga. Walimu na wazazi wanaweza kuandika majina ya watoto wenye mzio na kuyabandika mahali chakula kinapogawiwa. Mambo hayo yako ndani ya uwezo wa Kisangani ya leo, na yaanze sasa.